Nyumba Isiyo na Jiko

2 Februari

Mdogo wangu,

Usinune. Nakujua, hapo ulipo umevuta mdomo huku mikate inakuungulia. Kweli nimeondoka bila kuaga, na Mama nimemwachia ujumbe kwa jirani kama mtu aliyefumaniwa. Lakini ningekuaga ungenizuia, na wewe ukinizuia huwa nazuilika.

Kilichonikimbiza ni mikono. Tangu unipe figo yako nimeishi, sikatai, na kila asubuhi nashukuru. Ila hizi dawa za kuutuliza mwili usiikatae hiyo figo zinanitetemesha kama mtu aliyelala nje. Uso nao umevimba ukawa duara, hata kwenye kioo namwamkia mgeni. Na fundi wa nguo asiyeweza kutunga uzi kwenye sindano ni fundi wa nini? Yule bibi harusi wa mwisho gauni lake lilitoka upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Akalia, nami nikalia naye. Daktari akasema nivumilie, ndivyo dawa zilivyo. Kwake ni rahisi, hashoni yeye.

Mteja wangu mmoja ndiye aliyeniambia habari za nyumba hii. Ni ya ghorofa, ya zamani, barabara inapoishia kabisa, na nyuma kuna bustani kubwa na ng'ombe. Hakuna jiko. Sisemi jiko bovu, nasema hakuna, hata kiberiti. Tunakula vitu kama vilivyoumbwa: majani, mbegu zilizolowekwa mpaka zikachipua, mayai mabichi yaliyopigwa kwa asali, na maziwa ambayo yakitoka kwa ng'ombe yanaingia kikombeni. Mwenye nyumba tunamwita Mlezi. Ni mama wa sauti ndogo, ukitaka kumsikia lazima usogee. Sisi wengine wote tunaitana dada, majina tumeyaacha getini. Simu pia tumeziacha, Mlezi anasema zina joto. Barua anabeba dereva wa lori la mboga, anapita kila wiki.

Dawa nimekuja nazo, kwa hiyo usianze. Na usimwambie yule muuguzi wa kliniki, ana mdomo.

Mpangaji wako, yaani hiyo figo, anakusalimu, Mfadhili.

Dada yako

*

12 Februari

Dada,

Shikamoo. Nimenuna, na mikate imeungua kweli, trei nzima. Msimamizi kanisema mbele za watu, nikamwambia lawama ampelekee dada yangu anayekula nyasi.

Sasa tuongee kama watu wazima. Uliporuhusiwa hospitali muuguzi alitukalisha wote wawili, unakumbuka alivyosema? Kwamba mwili wako ulikuwa na mbwa mkali, nao wamemfunga ili asimng'ate mpangaji. Mbwa akifungwa, mwizi akiingia hakuna wa kubweka. Kwa hiyo maziwa yachemshwe, yai liive mpaka ndani, nyama isiwe na damu, na hizo mbegu za kuchipua usiziguse kabisa. Balungi nalo akakataza, akasema linagombana na dawa. Wewe mwenyewe ulikuwa unaitikia "ndiyo dada, ndiyo dada" kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mimi sina ugomvi na majani. Wanaotaka kula majani na wale, wana mbwa wao hawajafungwa. Wewe siyo wao.

Mama anasema urudi, atakutungia uzi yeye. Nikamwambia Mama, wewe mwenyewe huoni.

Mpangaji wangu namjali kuliko unavyodhani. Mwambie akivunjiwa dirisha aniite.

Mdogo wako

*

9 Machi

Mfadhili wangu,

Fungua kifurushi kwanza ndipo uendelee kusoma.

Umeona? Ni mimi! Shati zima nimelishona mimi, na matundu ya vifungo nimeyazungushia uzi kwa mkono, moja moja. Nilitunga uzi mara ya kwanza ukapita. Sikuulamba hata. Nilikaa nikaitazama ile sindano, machozi yakanitoka, dada aliyekuwa karibu akanishika bega, nikashtuka jinsi mkono wake ulivyokuwa wa baridi. Hapa wote wana mikono ya baridi. Mlezi anasema joto la mwili ni kelele, polepole hutulia.

Kanipa chumba cha juu chenye cherehani. Kazi haikosekani, maana kila mtu nguo zake zinampwaya. Nampunguzia dada mmoja leo, baada ya wiki mbili anarudi nipunguze tena. Nimepewa na kitambaa cheupe niwashonee kanzu, wote mtindo mmoja.

Nitakuambia kitu kidogo, usicheke. Chini, mwisho wa korido, kuna mlango umezibwa kwa matofali. Zamani lilikuwa jiko. Masizi bado yanaonekana ukutani kwa juu. Dada wote wakipita hapo wanageuza uso upande wa pili, na juzi nimejikuta nami nageuza, sijui nani alinifundisha. Wakati wa kula hakuna anayezungumza, unasikia meno tu, mpaka bakuli la mwisho.

Dada mmoja mwenye kisukari ameondoka alfajiri bila kuaga. Mlezi anasema amekwenda kwao. Viatu vyake viko mlangoni bado. Labda alikuwa na vingine.

Vaa shati.

Dada yako

*

20 Machi

Dada!

Nimelivaa! Nimelivaa kazini, nimelichafua unga, nimelifua, nimelivaa tena. Wenzangu hawaamini kwamba limeshonwa na mtu ambaye mwaka jana alikuwa anamwaga chai kabla haijafika mdomoni. Mama kapapasa tundu baada ya tundu kwa kidole, akapiga kigelegele hapo hapo uani, jirani akatoka kuuliza nani kaposwa.

Nimekula maneno yangu yote. Nilikuwa mjinga na muuguzi wangu na mbwa wake. Kama mikono imetulia, basi mwili umekubali, mimi nataka nini tena? Chochote unachofanya huko, dada yangu, usiache. Endelea hivyo hivyo.

Za mlango wa matofali na viatu sikuzipenda, lakini wewe tangu utoto unaogopa hata kanga iliyoanikwa.

Mdogo wako mwenye shati

*

4 Aprili

Dada,

Naandika nimesimama kwenye korido ya kliniki.

Leo ilikuwa zamu yangu ya kupimwa, si unajua sisi tuliotoa figo nasi tunaangaliwa. Nikaja na shati lako, najidai. Muuguzi akalisifu, akauliza nani fundi. Nikamwambia ni dada, mikono imetulia, anatunga uzi mara moja tu. Nilikuwa nacheka. Yeye akaacha kuandika.

Akashika tundu la kifungo akalitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema taratibu, "Kwa kipimo kile cha dawa, mkono huu haukupaswa kutulia. Dada yako anakunywa dawa zake?"

Dada, mimi ndiye niliyekuandikia uendelee hivyo hivyo. Nimeshangilia, Mama kapiga kigelegele, kumbe tunashangilia mbwa aliyefunguliwa.

Nijibu neno moja tu: unakunywa au hunywi? Kama umeacha, usizianze kienyeji, njoo hospitali wakupime damu kwanza. Ukisikia homa, ukiona mkojo unapungua au mguu unavimba, usingoje lori la mboga. Tembea, tambaa, piga kelele barabarani.

Sijakasirika, naogopa.

Mdogo wako

*

25 Aprili

Mpendwa,

Tumepokea barua yako. Tumeisoma kwa utulivu.

Hapa hatujambo. Vidonge vipo, viko mahali pake. Mlezi ametueleza kwamba kilichoingia mwilini kwa kisu kinahitaji kimya ili kizoee, na hofu ni moto kama moto mwingine. Tunaomba usituletee moto.

Homa ilikuja ikaondoka. Tumenyoa nywele, zilikuwa zinatoka zenyewe. Uso ule wa duara umekwisha, sasa tuna mifupa yetu.

Kazi inaendelea. Mlezi alitupatia karatasi ya vipimo bila kusema ni vya nani, tushone kanzu. Kifua, kiuno, bega, vyote vidogo sana, tukafikiri ni vya dada mgeni au vya bibi mzee. Tukashona wiki nzima tukiwaza huyo ni nani, kwa sababu fundi humjua mtu kwa kipimo chake kabla hajamjua kwa sura. Ilipokwisha Mlezi akasema, "Vaa." Ikakaa sawasawa. Hatukujua kwamba ni sisi.

Usije. Msalimie Mama.

Dada

*

18 Mei

Dada,

Nimekuja. Kwa barua ile nani angekaa? Hakuna hata "Mfadhili" ndani yake, hakuna utani, na hao "sisi" ni akina nani? Polisi nilianza kwao, wakaniambia mtu mzima akienda kula majani kwa hiari yake hakuna kosa.

Nikakodi gari Jumapili. Nimelivaa shati lako makusudi, ili ukiniona ufurahi. Nikagonga geti mpaka vidole vikauma. Nyumba ilikuwa kimya, madirisha yote yamefungwa na huku ni mchana. Mwishowe akatoka bibi mmoja aliyenyoa kichwa, kanzu nyeupe, anatembea ameshika ukuta. Kope zake zilikuwa zimevimba na miguu imejaa, lakini mikono ilikuwa fito.

Nikamwamkia, "Shikamoo mama."

Akasema, "Marahaba."

Nikamwambia, "Samahani mama, namtafuta dada yangu, fundi wa nguo."

Akanitazama. Nyuma yake, kivulini, kulikuwa na mtu mwingine amesimama. Yule bibi akasema, "Hayupo."

"Amekwenda wapi?"

"Sijui."

Kisha akapitisha mkono kwenye vyuma vya geti, akanigusa kifungo cha shati, hapa kifuani. Mkono wake ulikuwa wa baridi kama trei iliyolala. Akaurudisha, akaondoka. Nimeona ni mambo ya uzee, nikamwacha. Lakini njia nzima sauti yake haikunitoka, maana ilifanana na yako, nikajiambia labda mnaokaa pamoja huko mnaishia kuongea namna moja.

Kama umehamishwa, niambie wapi. Barua hii nampa dereva mwenyewe mkononi, namwomba asimpe Mlezi. Kama hupo hapo, sijui ninamwandikia nani.

Mdogo wako

*

27 Mei

Mfadhili,

Dereva ananingojea nyuma ya zizi, naandika haraka.

Yule bibi ni mimi.

Kifungo cha tatu kimelegea. Ndicho nilichokuwa nakitazama. Nilitaka kukikaza, mkono ukaenda wenyewe.

Usilie, na usijilaumu. Nilikuona tangu uliposhuka kwenye gari, nikashuka ngazi kwa kujikokota, nikisema moyoni sasa naenda nyumbani. Nilikuwa nimefungua mdomo nikuite. Halafu ukasema shikamoo mama. Ukaniangalia usoni, macho yako haya haya yaliyonijua tangu hujaota meno, nayo hayakunikuta. Nikaona aibu, mdogo wangu, aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Na Mlezi alikuwa nyuma yangu anapumua. Uliponiuliza dada yako yuko wapi, nilitafuta jibu, na Mungu ananiona, sikulipata. Niliona kweli hayupo.

Vidonge niliacha wiki ya kwanza. Nilikudanganya. Mikono ilipotulia nikasema huu ndio ushahidi, na barua yako ya kigelegele nikailalia kwenye mto. Mlezi hakunilazimisha kitu. Huwa anauliza tu, kwa sauti ile, "Wewe unataka kutetemeka?"

Homa haiondoki tena. Shingo imekaza, mwanga unaniumiza. Mkojo ni kidogo, mweusi. Ninapolala upande wa ile figo uliyonipa panauma, na sijamwambia mtu, kwa sababu hapa anayeumwa huhamishiwa chumba cha karibu na ule mlango wa matofali, na sijamwona aliyetoka huko. Viatu mlangoni vimeongezeka.

Nataka kuishi. Nimeliandika hili neno ili nilione limeandikwa. Nataka chai ya moto, nataka makelele yenu.

Kuanzia leo natafuta jina langu kila nikiamka. Jana lilichelewa kuja.

Dada yako, mimi

*

29 Mei

Dada yangu,

Dereva amekubali kurudi kesho kabla ya siku yake, atakuletea hii, mimi nitakuwa nyuma yake. Nakuja na gari la wagonjwa, muuguzi mwenyewe atakuwemo, na daktari anatungoja. Amesema wanaweza kuipigania hiyo figo, ila usile tena chochote cha humo, maji ya chupa anayo dereva.

Usione aibu. Mimi ndiye niliyetazama nisione. Wewe huna jingine la kufanya ila moja tu: shuka uje mahali ninapoweza kukusikia. Hata macho yangu yakinisaliti mara ya pili, hata nikikuita mama tena, wewe itika.

Mdogo wako

*

2 Juni

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia kwa kuwa masikio yako na simu hayapatani, jirani atakusomea. Mwambie asome polepole na asiruke kitu.

Tumempata. Yuko wodini, kitanda cha dirishani, ana mpira wa maji mkononi na mwingine wa dawa. Daktari anasema vijidudu vya kwenye maziwa yasiyochemshwa vimeingia kwenye damu vikapanda mpaka kichwani, na huku nyuma mwili wenyewe ulikuwa umeshaanza kuitafuna figo. Wanapigana pande mbili, na kila dawa inayosaidia upande mmoja inaumiza upande wa pili. Figo haijafa. Hawajaniahidi kitu. Nimewaambia kama inahitaji mwenzake wachukue na hii iliyobaki, muuguzi akanifukuza wodini, akasema hana nafasi ya wagonjwa wawili wajinga. Usije bado, hutamjua, na atakuona hujamjua. Ngoja anenepe kidogo.

Sasa nikueleze ya pale, kwa sababu sijamweleza mtu na usingizi sipati.

Tulipofika geti lilikuwa wazi. Wote walikuwa wamesimama barazani wanatungoja, safu mbili, vichwa vimenyolewa, kanzu zile zile nyeupe alizoshona yeye. Mama, walikuwa na sura moja. Sitanii. Nilipita mbele yao mmoja mmoja nikitafuta pua yetu, nikitafuta lile kovu la pasi, na kila mmoja alinitazama kwa upole ule ule, hakuna aliyejitokeza. Muuguzi alinishika mkono.

Mlezi akasogea. Sikumsikia, ikabidi niiname. Akasema, "Hatujamfunga mtu. Mwite, akitaka atakuja."

Nikaita, "Dada!"

"Abee," wakaitika wote, kwa pamoja, sauti moja, na ilikuwa sauti yake.

Nilitaka kukimbia, Mama, nikuambie ukweli, nilikwishageuka kulitazama gari. Ndipo nikakumbuka nilichomwandikia. Nikafumba macho, kwa kuwa hayakuwa na faida yoyote, nikajaza kifua.

Nikaita, "Mama!"

Safari hii hawakuitika wote. Kisha kutoka safu ya nyuma, kwa shida, akaitika mmoja.

Mwanao